Mkwezi wa Ushongo na Gari Letu la Wagonjwa

Riziki mwanangu,

Salamu sikuandikii, maana tumesalimiana asubuhi hii na shikamoo yako nimeiitikia huku mdomo umejaa pini. Sasa ni alasiri. Umekwenda Makorora kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua hatakuachia mpaka ule. Baba yako yuko bandarini. Cherehani nimeifunika, nyumba imetulia, nami nimekaa hapa ukumbini na karatasi, kazi ambayo sijaifanya tangu enzi za kuandikiana na bibi yako alipokuwa Pemba.

Kesho unakwenda Mwanza kusomea upimaji wa ardhi. Mambo ya blanketi, ya ndugu zetu wa huko, ya kutolala kwenye basi na pochi mapajani, yote nimekwisha kuyasema na wewe umekwisha kuyachoka. Hayo nayaacha. Nataka kukujibu swali.

Pengine hukumbuki. Simu ya kikundi chetu cha gari la wagonjwa ilikuwa imelia, mimi natafuta kiatu, Mzee Mhina anapiga honi nje. Ukasema, "Mama, huko unakokwenda hakuna hata mmoja unayemjua. Unafuata nini?" Hukuuliza kwa hasira. Uliuliza kama mtu anayetaka kujua. Nikakujibu, "Nitakwambia nikirudi," nikarudi nimechoka, nikalala. Na kwa kweli hata ningekuwa na nguvu nisingejua la kusema. Tangu siku ile nalitafuta jibu, na kila nikidhani nimelipata linaniponyoka. Basi nitakueleza nilipofika.

Watu wengi wanadhani niliingia kwenye gari lile kwa huruma. Sivyo. Niliingia kwa sababu ya mikanda. Wakazi wenzetu wa hapa Ngamiani walipopata lile gari kuukuu la abiria, wakang'oa viti na kuweka machela, walikuja kwangu niwashonee mikanda ya kumfunga mgonjwa asianguke njiani. Nikaishona kwa ule utepe mnene wa mikoba. Nilipoipeleka, Mzee Mhina akaniambia, "Bi Zaina, lala mwenyewe tuijaribu." Unamjua Mhina, ameendesha malori ujana wake wote na hapendi kitu kisichojaribiwa. Nikalala. Wakanifunga, wakanisukuma ndani, wakafunga mlango, tukazunguka mtaa.

Nilikuwa naona dari tu, na dirishani vipande vya nyaya za umeme. Mtaa huu nimeishi maisha yangu yote, lakini pale chini sikujua tulikuwa wapi. Kila kona ilinishtua. Breki zikishikwa moyo unaruka, maana hujui kama mmefika au mmegonga. Niliposhuka nikawauliza, "Mtu akilala humu, nani anamwambia anapitishwa wapi?"

Mhina akasema, "Hakuna."

"Basi nikikaa mimi nitakuwa namwambia," nikasema. Ndivyo nilivyoingia. Nilitaka kujua kama inasaidia.

Kisha yakaja mafunzo ya Bibi Agnes, yule nesi mstaafu Mbondei mwenye sauti ndogo. Alitufundisha jioni katika darasa la shule tuliloazima, na mimi nikirudi nyumbani najaribia kwako. Ulikuwa kidato cha pili. Nilikulaza mkekani, nikakufunga mkono uliokuwa mzima, nikakupapasa mbavu ukacheka mpaka ukashikwa na kwikwi. Ulichukia kuitwa majeruhi. Mpaka leo nikimtafuta mtu mapigo ya shingoni, vidole vyangu vinaanzia pale vilipozoea, chini ya taya lako. Hilo sikuwahi kukwambia. Wazee kwa vijana wa mji huu nimewashika kwa ramani niliyoichora kwenye mwili wako.

Makosa niliyafanya mengi, na Bibi Agnes hakuwa mtu wa kuyafunika. Kuna mawili nataka uyajue, maana mimi yalinichukua muda kuyaelewa.

La kwanza ni la bibi mmoja mtu mzima wa karibu na soko. Kifua kilimbana. Tukampakia, nami nikakaa naye nyuma nikaanza: usiogope bibi, tuko pamoja, usiogope, tunakaribia, usiogope. Njia nzima. Nilijiona nafanya kazi nzuri sana. Tulipokaribia hospitali akanishika kanga, akanivuta mpaka sikio langu likafika mdomoni pake, akasema, "Mwanangu, nani kakwambia naogopa? Nimeacha maharage motoni."

Mhina alisikia, akasimamisha gari pembeni, akampigia simu mtu wa mtaa ule, na muda si muda tukaambiwa sufuria limeepuliwa. Yule bibi akafumba macho, akashusha pumzi ndefu, na mapigo yake, ambayo nilikuwa nayashika, yakaanza kutulia chini ya vidole vyangu. Mimi nilikuwa nikimliwaza kwa hofu yangu mwenyewe. Ya kwake sikuiuliza. Tangu hapo swali langu la kwanza, baada ya yale ya pumzi na damu, ni hili: umeacha nini nyumbani? Huwezi kuamini majibu ninayoyapata. Mmoja aliacha mbuzi mwenye uchungu. Mmoja alisema hakuacha chochote wala yeyote, na huyo ndiye aliyenitia wasiwasi kuliko wote.

La pili lilitokea Makorora. Pikipiki mbili ziligongana. Kijana mmoja alikuwa chini, mguu umevunjika, analia kwa sauti ya kusikika mitaa mitatu. Mwenzake ameegemea ukuta, amejishika tumbo, anasema polepole, "Mimi mzima, mhudumieni huyo." Nikamkimbilia anayelia. Bibi Agnes alikuwa nasi siku hiyo. Akanipita kama vile sipo, akaenda moja kwa moja ukutani. Kumbe yule wa ukutani alikuwa anavuja damu kwa ndani. Alipasuliwa siku hiyohiyo, akapona. Wakati tunaosha machela Bibi Agnes akaniambia, "Anayepiga kelele anapumua. Wewe ukishuka garini, mtafute aliyenyamaza." Mimi niliendelea kulifikiria hata nilipokuwa nashona, hata nilipokuwa nawatazama watu harusini. Nani hapa amenyamaza?

Sasa nikusimulie habari ya Mbwana. Unajua nusu yake, maana siku ile nilirudi nimevimba viganja ukanikanda kwa maji ya moto. Nusu nyingine sijamsimulia mtu sawasawa.

Simu ilitoka Ushongo, asubuhi, jua limeshapanda. Kwa kawaida hatuendi huko. Ni mbali, na wakati ule ilikuwa lazima uvuke mto pale Pangani kwa pantoni. Lakini gari la karibu lilikuwa limeshatoka na mzazi, na mpiga simu alikuwa amepewa namba yetu na mtu aliyewahi kutuona. Alikuwa mwanamke. Alisema, "Mume wangu kaanguka mnazini. Yuko hai. Hainuki."

Nikamuuliza kama ameguswa na mtu.

"Wanataka kumnyanyua sasa hivi," akasema. "Kaka yangu ana pikipiki."

"Waambie wasimnyanyue. Dada, unaitwa nani?"

"Mwanaisha."

"Mwanaisha, piga magoti kichwani pake. Mshike kichwa kwa mikono miwili, huku na huku, kisigeuke. Usimwachie mpaka nije."

Maneno hayo niliyasema haraka haraka nikiwa naingia garini, kama unavyomwambia mtu nishikie mlango. Sikupiga hesabu ya umbali. Barabara ilikuwa inatengenezwa, vumbi tupu, na pale mtoni tulingoja pantoni ijae. Tulipofika Ushongo watu walikuwa wamejaa chini ya minazi, tukapitishwa katikati yao, na Mwanaisha alikuwa bado kwenye magoti, mikono palepale. Mtu alikuwa amemfunika kanga kichwani asichomwe na jua. Hakunyanyua uso kututazama.

Mumewe alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, mkwezi, mikono yake imejaa sugu. Nazi zilikuwa zimetapakaa pale alipozidondosha. Kaka wa Mwanaisha, Omari, alikuwa amekaa juu ya pikipiki inayonguruma.

"Mmechelewa," akasema. "Mimi ningekuwa nimeshamfikisha."

"Angekaaje, kaka yangu?"

"Ningemfunga mgongoni kwangu."

Sikubishana naye. Nilimwona macho yake, yalikuwa mekundu. Nikapiga magoti. "Mbwana, mimi naitwa Zaina, nimetoka Tanga mjini. Nitakuuliza vitu. Usitikise kichwa, nijibu kwa mdomo."

"Nakusikia, mama."

Nikamgusa kidole cha mkono. "Nakugusa wapi?"

"Kidoleni."

"Na hapa?"

"Mkono wa pili."

Nikashuka miguuni, nikamfinya kidole gumba, nikafinya kwa nguvu. "Na hapa?"

Akangoja kidogo. "Umeshaanza?" akauliza.

Omari akazima pikipiki. Akashuka, akasogea mpaka alipokuwa shemeji yake, akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Tufanyeje, mama?"

Nikawapanga. Mhina kiunoni, Omari begani, vijana wawili miguuni, wote wafuate sauti moja, yangu, na asiwepo mtu wa kutangulia wala kuchelewa. Tukamgeuza mzimamzima kama gogo, ubao ukapita chini yake, tukamrudisha. Kabla ya hapo ilibidi nimpokee Mwanaisha kichwa. Nikaweka mikono yangu juu ya yake nikamwambia, "Nimeshika, achia." Hakuachia. Nilidhani hataki. Kumbe hawezi, vidole vimekakamaa. Ilibidi mwanamke mwingine avifungue kimoja kimoja. Alipokuwa huru alikaa mchangani akaitazama mikono yake kama si ya kwake, na hapo ndipo alipolia.

Mimi nilimwagiza mtu jambo ambalo sikujua uzito wake. Yeye akalifanya. Nilikuja kuujua uzito huo baadaye siku hiyohiyo.

Maana kile kichwa nilikishika mimi, kutoka Ushongo. Tulikuwa tumekunja kanga na kuziweka huku na huku masikioni, lakini barabara ile ilikuwa mashimo matupu na sikuthubutu kuziamini kanga. Nikakaa nyuma ya kichwa chake, viwiko vimeegemea machela, nikaanza kazi yangu ya kusema tunapita wapi. "Sasa tunatoka minazini. Sasa kuna kona, tutaelemea kulia. Mbele kuna mbuzi, Mhina atapunguza mwendo." Mwanaisha na Omari walikaa pembeni. Mbwana alikuwa anasikiliza kwa makini kama mtu anayesikiliza mpira redioni.

Tukafika Bweni, ukingo wa mto. Pantoni ilikuwa ng'ambo, upande wa Pangani, na haiji. Mtu akatuambia injini imegoma, fundi yuko chini anahangaika nayo.

Omari akateremka, akarudi amepata mashua yenye mashine. "Tumvushe na hii," akasema. "Ng'ambo tutatafuta gari jingine."

Nikaitazama mashua. Ilikuwa inacheza majini. Nikafikiria kumteremsha, kumpitisha kwenye maji ya magoti, kumpandisha, kumteremsha tena. Nikafikiria pia kukaa pale tukingoja injini ambayo huenda isiwake leo. Nakwambia kweli, sikujua. Nikamwambia Mhina ampigie Bibi Agnes, aweke simu sikioni mwangu.

Bibi Agnes hakuniuliza ninaonaje. Aliniuliza, "Anapumua vizuri?" Ndiyo. "Mikono anaisogeza?" Ndiyo. "Damu?" Hakuna. "Rangi yake?" Nikamtazama midomo. Nzuri. "Basi hamna anachokimbilia ng'ambo kinachozidi kukaa kimya alipo," akasema. "Ngojeni. Ikibadilika mojawapo ya hizo, vusheni na mashua."

Omari akasema, "Anasema tungoje? Amekaa wapi yeye?" Lakini hakuondoka. Alifungua milango ya nyuma upepo upite, akashika kanga ya dada yake akawa anampepea shemeji yake.

Tulingoja. Mikono yangu ilianza kuwaka moto, kisha ikafa ganzi. Nikawa nafikiria vidole vya Mwanaisha. Ilibidi Mbwana aendelee kuzungumza ili nijue akili yake haijapotea, na mimi nilikuwa nimeishiwa habari za barabara, maana tumesimama. Basi nikamuuliza nilichotaka kujua kweli. Nikamwambia, "Tangu utoto wangu nasikia watu wakisema fulani amekalia kuti kavu. Mimi sijawahi kukwea hata mpera. Hebu niambie, huko juu mtu analijuaje?"

Akacheka kidogo, kwa pua. "Hulikalii, mama. Unalishika. Kuti bichi ukilivuta linakuvuta na wewe. Kavu linakuja."

"Na leo?"

"Leo lilikuja. Nilikuwa nimelijua, nikasema nitalipita upesi."

Akanieleza kuhusu kitanzi cha kamba miguuni, na namna ya kukumbatia mti bila kuubana, maana ukiubana unachoka katikati. Akanieleza namna ya kuijua nazi kwa kuigonga kwa nyuma ya kisu: dafu linaitikia hivi, koroma, lililopita udafu lakini halijawa nazi, linaitikia hivi, nazi iliyokomaa haiitikii, inakaa kimya. Nikamwambia arudie. Akapiga ulimi kwa sauti mbili tofauti, nami nikajaribu, nikakosea, Omari naye akajaribu. Mwanaisha akasema, "Mimi miaka yote hii hajanifundisha." Mbwana akasema, "Hujawahi kuniuliza." Tukacheka, watu wanne na kichwa kimoja ambacho hakikutakiwa kutikisika, na mimi namwambia usicheke, usicheke.

Hapo ndipo nilipo karibu zaidi na jibu lako, mwanangu. Nafuata hicho. Mtu niliyekuwa simjui asubuhi, na kabla ya alasiri ameniwekea mkononi kichwa chake na kazi yake yote. Sina jina la kitu hicho. Si huruma, kwa maana huruma inamtazama mtu kutoka juu, na mimi nilikuwa mwanafunzi.

Kisha akaniuliza, "Mama, nitatembea?"

Mwanaisha akasema haraka, "Utatembea, inshallah." Omari akasema, "Wiki ijayo tu." Mbwana alikuwa ananitazama mimi, na mimi peke yangu ndiye niliyekuwa machoni pake, kwa jinsi alivyolala.

Ungekuwa ni mwaka wangu wa kwanza ningesema utatembea, usiogope. Nikakumbuka maharage. Nikasema, "Sijui, Mbwana."

Akashika ukingo wa machela. Nilidhani nimemvunja kitu ambacho mti haukukivunja, na nikatamani niyarudishe maneno. Upepo ukapita garini. Kisha akasema, "Basi niulize kitu kingine."

Nikamuuliza. Mpaka sasa sikumbuki nilimuuliza nini, nakumbuka tu kwamba alijibu.

Vidole vyangu vilipokaribia kuachia nikamwita Omari. Nikamwambia akae nilipokaa, aweke mikono juu ya yangu, asibane, asivute, awe kama ukingo wa kitanda. Nikatoa yangu chini ya yake. Mhina akaninywesha maji kama mtoto kwa sababu siwezi kushika chupa. Nilimtazama Omari, yule aliyetaka kumfunga mtu mgongoni, sasa hapumui sawasawa kwa kuogopa kutikisa. Akamwambia shemeji yake, "Sasa tunaiona pantoni, imegeuza pua, inakuja." Sikuwa nimemfundisha kusema hivyo. Aliyasikia njiani.

Tulifika Tanga jua linaelekea kuzama. Madaktari wakampokea, baadaye wakampeleka hospitali kubwa zaidi kwa upasuaji. Sisi kazi yetu inaishia mlangoni, na hilo ndilo gumu kuliko yote, kwamba unarudishiwa machela tupu unaambiwa ahsanteni. Wengi sijui wameishia wapi. Nikipita Ngamiani namwona mtu anavuka barabara na mkate kwapani, najiuliza, huyu si yule wa degedege? Nitamuulizaje?

Lakini Mbwana nilimtafuta. Aliporudishwa hapa mjini kwa mazoezi ya viungo nikaenda kumtazama. Nikamkuta ameketi kitandani, mto mgongoni, Mwanaisha anammenyea chungwa. Nikatoa salamu. Mwanaisha akaniinukia, tukakumbatiana. Mbwana akaitikia kwa adabu, kama unavyomwitikia mgeni wa mwenzako wa wodini.

"Humjui?" mkewe akamuuliza.

Akanitazama tena. "Samahani mama, sikukumbuki."

Nilisimama pale na mfuko wangu wa matunda. Sikuelewa. Siku nzima ile alinitazama bila kupepesa. Nikajiuliza kama alipigwa kichwani tusijue. Kisha ikanijia. Nikauweka mfuko chini, nikamwomba Mwanaisha aulaze mto, nikazunguka nyuma ya kitanda, nikainama juu yake mpaka uso wangu ukawa kichwachini mbele ya wake.

"Ah," akasema. "Mama wa barabara."

Alikuwa hajawahi kuniona nimesimama wima. Alinijua mdomo kabla ya pua, kidevu juu, macho chini. Aliinua mkono akanigusa shavu, jambo ambalo mwanamume wa kijijini hamfanyii mama wa watu, na hakuna kati yetu aliyeona vibaya. Akasema, "Nilikuwa namwambia Mwanaisha, yule mama ana kovu dogo chini ya kidevu. Yeye anasema hana." Ninalo, Riziki. Nililipata utotoni. Baba yako hajawahi kuliona.

Mguu wa kulia ulirudi. Wa kushoto unaburuta. Anatembea na gongo, polepole, na miti haikwei tena. Yuko Ushongo, amejenga kibanda cha kuuzia madafu kwa wageni wa ufukweni, na Mwanaisha ndiye anayeyachagua, kwa kugonga. Omari ameacha namba yake kwa Mhina. Likitokea jambo upande ule wanampigia yeye kwanza, anatangulia na pikipiki, na sisi tukifika tunamkuta kwenye magoti. Juzi alinipigia kuniuliza iwapo mtu aliyeumwa na nyoka anyanyuliwe mguu au ashushwe. Nikamwambia asiufunge kamba wala asiuchanje, amtulize tu mtu asitembee, na hayo mengine ngoja nimuulize Bibi Agnes.

Sina uhakika kama nimekujibu. Unakwenda mahali ambapo kila mtu atakuwa mgeni kwako na wewe kwa kila mtu. Watakuona kwa upande mmoja tu, upande wa siku waliyokutana nawe, na wewe vilevile utawaona hivyo. Mimi hilo lilikuwa likinitisha. Siku hizi linanipa hamu. Ukikaa na mtu garini, chumbani, darasani, muulize analolijua. Wengi hawajawahi kuulizwa.

Na usione haya kutojua. Baba yako husema mimi nimezeeka vibaya, maana wenzangu wanazidi kuwa na majibu na mimi nazidi kuwa na maswali. Anasema huku anacheka, kisha naye ananiuliza leo ilikuwaje.

Mimi Mwanza sijafika. Nimeambiwa ziwa lile ni kubwa, ukisimama ukingoni huoni ng'ambo, lina mawimbi na meli, na maji yake hayana chumvi. Nimezaliwa na kukua ufukweni na akili yangu inakataa. Maji mengi hivyo, yenye mawimbi, yanakosaje chumvi? Basi ukifika usinipigie kuniambia umefika tu, hilo baba yako atakuwa ameshakuuliza. Shuka ukingoni, chota kwa kiganja, onja. Kisha nipigie, uniambie ni kweli.

Mungu akutangulie kila kona, na akupe wa kukwambia mnapita wapi.

Mama yako,
Zaina